Haibiskasi ya uani: jinsi ya kutumia majani na maua yake kwa nywele, jipu na kikohozi, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa sababu maswali ni yaleyale kila siku na nimeona bora niyajibu sehemu moja. Niliponda majani mbona nywele zimejaa vipande? Naweza kunywa chai ya lile ua jekundu la kwenye fensi? Mbona mafuta yangu hayajawa mekundu? Nina mimba ya miezi mitatu, naruhusiwa?

Hilo la mwisho nalijibu hapahapa. Hapana. Mjamzito asinywe, na anayetafuta mtoto asinywe, sababu ntaieleza huko chini kwenye chai.

Haibiskasi tunayoongelea hapa ni ile ya pambo, kichaka cha maua makubwa kinachopandwa kando ya nyumba na kwenye fensi, jina lake la kitaalamu ni Hibiscus rosa-sinensis, yaani waridi la China, jina alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753. India kwenye tiba yao ya kale ya Ayurveda wameitumia kwa nywele miaka na miaka, na Malaysia ndo ua la taifa tangu 1960. Ni ndugu wa bamia na pamba. Ukiujua huo udugu na bamia basi nusu ya somo umeshaelewa, manake kazi kubwa ya huu mmea iko kwenye ule utelezi.

Na sio choya. Hapa ndo wengi wanapotea. Ile juisi nyekundu chachu inatoka kwenye choya, wengine wanaita rozela, ni haibiskasi nyingine kabisa, na kinachochemshwa pale sio petali bali ni ule mfuniko mnene mwekundu unaobaki ua likishadondoka. Ya uani mfuniko wake ni wa kijani, mwembamba, hauna kazi kwenye kikombe. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba haibiskasi inashusha presha, uliza kwanza ni ipi, manake majaribio mengi ya presha kwa binadamu yamefanywa kwa choya.

Uwe na hivi kabla hujaanza

Majani mabichi kama 20 na maua kama 10 au 12 (mekundu ndo yanayotumika zaidi kiasili, ila rangi nyingine kwa nywele hazina shida). Bakuli kubwa, kinu au mikono yako tu, chujio pamoja na kitambaa chepesi cha pamba, sufuria mbili moja iingie ndani ya nyingine, chupa ya kioo yenye rangi nyeusi au kahawia ambayo ni kavu kabisa, mafuta ya nazi au ya ufuta robo lita, na taulo la zamani usilolionea huruma. Blenda sio lazima, na kwa majani mi nakushauri uiache kabisa, utaona kwa nini.

Hatua za mwanzo, usiruke hata moja

1. Hakikisha ni haibiskasi kweli. Ua la kawaida lina petali tano, katikati inatokea fimbo moja ndefu inayochomoza nje ya ua, pembeni ya fimbo kuna vijipunje vya unga wa njano na kwenye ncha kabisa kuna vinundu vitano vidogo vyenye manyoya laini. Chini ya ua kuna kikombe cha kijani na chini ya kikombe tena kuna vijani vidogo vyembamba vimezunguka. Jani linang'aa, limechongoka mbele na kingo zake zina meno. Sasa kata kijiti kidogo uangalie, kama kinatoa utomvu mweupe kama maziwa hiyo sio haibiskasi, acha mara moja. Na uwe makini mno na oleanda, ni kichaka cha pambo pia, kina maua mazuri ya pinki au meupe na mara nyingi kinapandwa fensi moja na haibiskasi, ila majani yake ni marefu membamba kama mkuki na kingo zake hazina meno. Oleanda ina sumu inayoshambulia moyo, na inaua. Ukiwa na wasiwasi hata kidogo, usichume.

2. Uliza historia ya dawa. Haibiskasi inapendwa sana na vidukari na wale wadudu weupe wanaokaa kama pamba kwenye vikonyo, kwa hiyo watu wanaipulizia dawa mara kwa mara. Dawa nyingine zinaingia ndani ya mmea wenyewe, hazioshwi na maji hata usugue vipi. Mche uliotoka kununuliwa kwenye kitalu usiuguse kwa matumizi ya mwili, upande, uache utoe matawi mapya kwa miezi kadhaa bila dawa, ndo uanze kuchuma. Vichaka vya kando ya barabara kubwa navyo achana navyo, vumbi na moshi umejaa.

3. Chuma asubuhi umande ukishakauka. Ua la haibiskasi aina nyingi linaishi siku moja tu, linafunguka asubuhi na kufikia jioni au kesho yake limeshajikunja, kwa hiyo ukichuma saa kumi jioni unachuma ua linalokufa. Majani chukua yale yaliyokomaa yenye kijani kizuri, sio yale machanga ya kileleni wala ya chini yenye njano.

4. Kung'uta kila ua kichwa chini, sisimizi wanajificha ndani kabisa kwenye shina la petali. Kisha osha kwenye maji mengi mara mbili au tatu. Yale maua yenye petali nyingi zilizosongamana fungua petali moja moja, mle ndani kunakaa wadudu ambao hutawaona kwa juu.

5. Jaribu kwenye ngozi. Ponda jani moja, paka sehemu ndogo upande wa ndani wa kiwiko, acha dakika 20, osha, halafu subiri saa 24. Ukiona wekundu, vipele au muwasho, huu mmea haukufai na usijipe moyo kwamba utazoea. Watu wanaruka hii hatua kwa sababu ni kitu cha asili, kwani upupu nao si wa asili?

Majani kwa kuosha nywele

Hii ndo matumizi ninayoyaamini kuliko yote, kwa hiyo hapa ntakaa kidogo.

6. Weka majani 20 yaliyooshwa kwenye bakuli, mimina nusu lita ya maji ya uvuguvugu (sio ya moto wa kuunguza mkono), acha kama nusu saa yalainike. Kisha ingiza mikono uyafikiche kama unafua kitambaa chepesi. Dakika mbili tatu za mwanzo hamna kitu, unaona kama unacheza tu na majani kwenye maji, endelea. Ghafla maji yanaanza kuwa mazito, yanakuwa ya kijani, povu dogo linatokea pembeni, na ukinyanyua vidole juu unaona ute unavutika kutoka kidole hadi bakuli bila kukatika. Hapo ndo pameiva. Kama ute unakatika haraka, fikicha tena.

7. Chuja wakati huohuo, usiache ukae. Pitisha kwanza kwenye chujio kutoa majani makubwa kisha kwenye kitambaa, na kitambaa ukikamue kwa nguvu kwa sababu ute wenyewe hautaki kupita. Hapa ndo blenda inapoharibu kazi, inasaga jani mpaka linakuwa kama vumbi la kijani ambalo linapita kitambaa na kukaa kwenye mizizi ya nywele siku tatu. Mwenye nywele za kipilipili au dredi ndo kabisa, mi nilishakaa jioni nzima nikitoa vipande kimoja kimoja mbele ya kioo na tangu siku hiyo nafikicha kwa mkono tu.

8. Lowanisha nywele kwanza kwa maji, gawa mafungu manne, paka ute kuanzia ngozi ya kichwa kushuka hadi ncha. Sugua ngozi taratibu kwa ncha za vidole, sio kucha. Chana kwa kitana chenye meno mapana ukiwa bado una ute kichwani, hapa utashangaa jinsi kitana kinavyoteleza, ule ute unafanya kazi ya kondishena. Acha dakika 15 mpaka 20.

9. Suuza kwa maji mengi mpaka utelezi uishe. Hauhitaji shampuu kama nywele hazikuwa na mafuta mengi. Ila uelewe, majani haya yanaosha kwa upole, kama ulikuwa umepaka grisi nzito au jeli wiki nzima, osha kwanza kwa shampuu ya kawaida kisha ndo upake majani kama hatua ya pili, usilaumu mmea. Mara moja kwa wiki inatosha.

Je majani haya yanaotesha nywele? Kuna utafiti wa mwaka 2003 uliofanywa kwa panya, dondoo (yaani kiini kilichotolewa kwenye mmea) ya majani na ya maua zote zilipakwa, na ya majani ikaonekana bora kuliko ya maua. Hiyo ndo moja ya sababu nasema anza na majani wakati watu wote wanakimbilia maua. Ila panya ni panya. Ninachoweza kukuahidi ni nywele laini na zisizokatika sana wakati wa kuchana, na nywele zisizokatika zinaonekana zimerefuka. Kipara cha kurithi au mabaka yanayotokea ghafla, hayo peleka kwa daktari wa ngozi.

Mafuta ya maua

10. Anika maua na majani machache kivulini, yametandazwa safu moja juu ya kitambaa, kwenye hewa inayopita. Yanaweza kuchukua siku 4 hadi 7 kutegemea hali ya hewa. Yako tayari ukilishika petali linavunjika kama karatasi iliyoungua, kama linajikunja tu bado lina maji. Nawaomba msiharakishe hapa. Mimi mara ya kwanza nilitumbukiza maua mabichi moja kwa moja kwenye mafuta, nikafunga chupa nikaiweka kabatini, siku ya tisa nikakuta utando mweupe juu na harufu ya uchachu, nikamwaga robo lita nzima ya mafuta mazuri. Maji yakibaki ndani ya mafuta yanazalisha ukungu na bakteria, ndo sababu.

11. Weka maua makavu 10 au 12 na kiganja cha majani makavu kwenye sufuria ndogo, mimina mafuta robo lita, kisha sufuria hiyo iingize ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka polepole. Moto mdogo kabisa, dakika 45 hadi saa moja. Mafuta yasitoe mapovu wala moshi. Ukiona mapovu madogo yanapanda kutoka kwenye maua, kuna unyevu umebaki, acha mpaka yaishe.

12. Epua, acha yapoe, chuja kwa kitambaa kikavu, tia kwenye chupa kavu. Andika tarehe juu. Yakae mahali pasipo jua na tumia ndani ya miezi miwili au mitatu. Paka kidogo kwenye ngozi ya kichwa usiku mmoja kabla ya kuosha. Kama una mba wenye magamba ya mafuta mafuta na muwasho, haya mafuta usipake, mafuta yanaweza kuuzidishia huo mba.

Chai ya petali

Watu wa sehemu nyingi wanainywa kwa kikohozi kikavu na koo linalokwaruza, na ina mantiki kwa sababu ute unafunika koo na kulipoza. Ni kutuliza tu lakini, haitibu maambukizi.

13. Chukua maua mawili mekundu, toa kikombe cha kijani, toa na ile fimbo ya katikati yenye unga wa njano (wenye mzio wa chavua inawasumbua), bakiza petali peke yake. Mimina kikombe kimoja cha maji ya moto, funika dakika 5 hadi 10, chuja. Itakuwa ya zambarau. Kamulia limao uone, inageuka nyekundu hapohapo mbele ya macho yako. Kikombe kimoja kwa siku, siku tatu nne, basi.

14. Sasa nani asinywe kabisa. Wajawazito na wanaotafuta mimba, kwa sababu huu mmea tangu zamani umetumika kienyeji kuzuia na kutoa mimba, na majaribio ya maua yake kwa wanyama yameonyesha athari kwenye uzazi, kwa hiyo hapa hakuna cha kubahatisha. Wanaonyonyesha waache pia. Wanaotumia dawa za presha au kisukari wasinywe bila kuongea na daktari, kwani majaribio kwa wanyama yameonyesha inaweza kushusha sukari, na ukijumlisha na vidonge sukari ikashuka kupita kiasi ni hatari ya haraka. Kama una upasuaji karibuni, usinywe. Watoto wadogo usiwape, na wale wanaoweka asali kwenye chai ya kikohozi wakumbuke mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa. Kikohozi kikizidi wiki mbili, au kuna damu, homa, kupungua uzito, jasho la usiku, hicho sio cha chai, nenda ukapime.

Majani kwa jipu

15. Hii ni fupi. Ponda majani matano sita safi mpaka yawe kama uji mzito, weka kwenye kipande cha kitambaa safi, bandika juu ya jipu ambalo halijapasuka, dakika 20, mara mbili kwa siku, kila mara majani mapya. Linapoza na kulainisha ngozi. Usiweke kwenye kidonda kilicho wazi, hata uoshe vipi jani lina vijidudu. Usilikamue. Jipu la usoni hasa karibu na pua na mdomo, jipu kwa mwenye kisukari, jipu lenye homa au mstari mwekundu unaotambaa kutoka pale, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Ikienda kombo

Ute hautoki. Mara nyingi majani ni machache kwa maji mengi, au ni machanga mno. Ongeza majani kumi, acha nusu saa nyingine. Aina nyingine za kisasa zilizozalishwa kwa ajili ya rangi ya maua zina ute kidogo, ikishindikana tafuta kichaka kingine, hasa ile nyekundu ya kizamani ya petali tano.

Ute uliobaki umenuka kesho yake. Ni kawaida, hauna kitu cha kuuhifadhi. Kwenye friji unakaa siku mbili tu. Fikicha wa kutosha siku moja.

Mafuta hayakuwa mekundu. Hili nimeulizwa mno na watu wanadhani wamekosea. Rangi nyekundu ya petali inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo mafuta sahihi yanakuwa ya njano au kijani kilichofifia. Ukiona ya kuuza ni mekundu kama damu, jiulize kimewekwa nini.

Chai imekuwa ya bluu bluu au kijani. Haijaharibika, maji yako yana magadi au chumvichumvi nyingi. Rangi hii inafuata uchachu, tone la limao linairudisha.

Taulo na mto vimepata madoa. Petali zinatia rangi, na zikikauka zinaenda kwenye weusi, wala usishangae, kuna sehemu watu walikuwa wanang'arishia viatu vyeusi kwa haya maua. Wenye mvi au nywele zilizowekwa blichi watumie majani tu bila petali, rangi inaweza kushika.

Kichwa kinawasha baada ya kuosha. Kwanza suuza tena, mara nyingi ni mabaki. Muwasho ukiendelea siku inayofuata, acha kabisa.

Mafuta yamebadilika harufu, yananuka kama karanga za zamani, au kuna ukungu shingoni mwa chupa. Usichemshe upya ukidhani utayaokoa. Mwaga yote, na chupa ioshe kwa maji ya moto uianike juani siku nzima kabla ya kutia mengine.